Jiko la Jumamosi na Sauti za Kwaya Yetu



Kamati ya jubilii ilipogawa makala za kijitabu hiki, mwenzetu mmoja alipewa historia ya walimu wa kwaya, mwingine akapewa safari na mashindano, mwingine sare zetu tangu zile za bluu zilizochuja rangi kwenye mvua ya Pasaka. Mimi nikapewa jiko. Kicheko kilipita mezani, na kusema kweli nami nilicheka. Lakini nilipochukua daftari la mahudhurio na kuanza kutia alama kando ya kila jina la mwanakwaya aliyeingia kwetu kupitia darasa la upishi la watoto, kicheko kilinitoka. Sauti ya kwanza, karibu wote. Sauti ya tatu, vijana wote isipokuwa mmoja aliyehamia kutoka Voi. Hata huyu anayetupigia kinanda leo, mara yake ya kwanza kuingia ukumbi wa mazoezi alikuja amebeba sinia ya vikombe.

Kwa hiyo naandika. Na nianze kwa kukiri jambo ambalo wakongwe wanalijua: darasa hilo lilipoletwa, mimi nilikuwa miongoni mwa waliolipinga.

Tatizo lilikuwa umri. Mtoto wa miaka 5 ana raha kanisani. Anaimba kwa kupiga makofi, anaigiza Zakayo juu ya mkuyu, anapewa peremende, anarudi nyumbani. Kijana wa miaka 16 naye ana chama chake. Lakini huyu wa kati, wa miaka 9 hadi 12, hana pake. Katika Shule ya Jumapili anakaa benchi la nyuma, magoti yamepita meza, anaona haya kuigiza Zakayo mbele ya wadogo zake. Kipaimara bado. Vijana hawamtaki, wanasema ni mtoto. Kwaya nayo, na hapa naisema kwaya yetu wenyewe, ilikuwa na kanuni kwamba hatupokei mtu kabla ya kidato cha kwanza. Basi watoto wa rika hilo walikuwa wakikaa chini ya mwarobaini nje ya kanisa ibada nzima, wakitupiana kokoto. Mwaka uliofuata hata chini ya mwarobaini hawakuonekana. Tulikuwa tukisema wamekwenda shule za bweni. Wengine walikwenda kweli. Wengi walikuwa nyumbani tu.

Msidhani ni aibu yetu peke yetu. Ukiisoma historia ya kanisa utakuta kwamba rika hili limewasumbua watu siku nyingi, na kwamba mambo kadhaa tunayoyaona ya kawaida leo yalizaliwa kwa sababu yake. Shule ya Jumapili yenyewe inahusishwa zaidi na Robert Raikes, mwenye gazeti katika mji wa Gloucester, Uingereza, mwaka wa 1780. Watoto wa mji ule walifanya kazi viwandani siku 6 za juma, wakitengeneza pini, na siku ya saba walizagaa mitaani. Raikes akawatafutia walimu wa kuwafundisha kusoma siku hiyo moja waliyokuwa huru. Aliianza kazi yake na siku waliyokuwa nayo watoto, na haja waliyokuwa nayo watoto. Hilo nalipenda.

Na hizi do, re, mi tunazozisoma kila Jumamosi, wangapi wetu tunajua zimetoka wapi? Mwaka wa 1841 walimu wa Shule za Jumapili walikutana katika mji wa Hull, wakamwomba mchungaji kijana aitwaye John Curwen atafute njia rahisi ya kuwafundisha watoto kuimba. Curwen hakuwa mwanamuziki hodari. Alichukua njia ya mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Sarah Glover, akaiboresha na kuisambaza, na wamishenari wakaja nayo Afrika. Kwaya nzima za watu wazima wenye mvi, na besi zetu ninazoziheshimu, zinasoma muziki kwa herufi zilizotafutwa kwa ajili ya watoto. Nilipomwambia hivyo mzee mmoja wa sauti ya nne alinyamaza kidogo, kisha akasema basi ndiyo maana hata yeye aliweza.

Kuna na hadithi ya Brigedi. Wengi mmewaona vijana wa Boys' Brigade wakipiga ngoma kwenye maandamano. Aliyeianzisha ni William Alexander Smith, mwalimu wa Shule ya Jumapili huko Glasgow, tarehe 4 Oktoba 1883. Smith alikuwa pia ofisa wa jeshi la kujitolea. Aliweza kuwaongoza watu wazima kwenye gwaride, lakini Jumapili wavulana wa darasa lake walimshinda. Walikuwa wa umri huu huu na zaidi kidogo: wamechoka na mambo ya utotoni, na hakuna aliyewapa mambo ya utu uzima. Akawapa gwaride, kofia, mkanda, na bunduki za bandia. Wavulana wakabaki. Miaka 10 baadaye, 1893, Girls' Brigade ikaanzishwa Dublin kwa ajili ya wasichana. Mimi bunduki za bandia sizipendi, na sidhani ningependa kuziona katika ua wa kanisa letu. Lakini alichokigundua Smith ni cha kweli. Mtoto wa miaka 11 hataki kuchezeshwa, anataka kazi yenye jina na yenye watu wanaoitegemea. Sisi mikononi mwetu tulikuwa na mwiko.

Turudi nyumbani, maana hapa Pwani suala la watoto, chakula na kanisa ni la kale kuliko kwaya yoyote. Wengi wetu tunapita Kengeleni kila siku ndani ya matatu bila kuinua macho kuitazama ile kengele. Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na wamishenari wa CMS, baada ya William Salter Price kufika Mombasa mwishoni mwa 1874, wakapata ardhi upande huu wa bara wa Kisauni kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi. Mahali hapo pakaitwa Frere Town, kwa jina la Sir Bartle Frere aliyekuwa ametumwa Zanzibar kuzungumzia mkataba ule. Miongoni mwa waliookolewa kulikuwa na watoto wengi. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, kila mmoja na lugha yake, hawana baba wala mama mahali pale. Wakalazwa mabwenini, wakala pamoja, wakajifunza Kiswahili wao kwa wao.

Vitabu vinatueleza kuhusu kengele iliyopigwa kuonya watu adui anapokaribia. Vinatueleza kuhusu William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliolelewa India na kurudi, waliopewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka wa 1885. Ni habari njema na tuzisome. Lakini mimi, kwa kuwa nimepewa jiko, kila nikisoma najiuliza sufuria ilikorogwa na nani. Kabla mtoto yule hajafundishwa wimbo hata mmoja alipewa sahani ya chakula na mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Huo ndio uliokuwa wimbo wake wa kwanza kanisani, ukipenda kuuita hivyo.

Misheni za zamani zilituachia pia jambo lisilo zuri sana. Katika shule zao nyingi wavulana walifundishwa useremala na uashi, na wasichana wakafundishwa kushona, kufua na kupika. Mgawanyo huo ukaingia kichwani mwetu kana kwamba umeshuka kutoka mlima Sinai. Ulitusumbua baadaye, kama nitakavyoeleza.

Mwaka wa 1985 serikali ilipoleta mfumo wa 8-4-4, Sayansi Kimu iliingia shule za msingi, na ilifundishwa wavulana na wasichana darasa moja. Wenye umri wangu na waliotufuata mnakumbuka: leo leta yai, kesho leta unga nusu kilo, keshokutwa leta makaa kwenye mfuko wa nailoni. Mwalimu alionja kwanza, ndipo sisi. Somo lilikuwa katika mtihani wa KCPE, kwa hiyo lilichukuliwa kwa uzito. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ukapunguzwa, KCPE ikabaki na karatasi 5, na Sayansi Kimu haikuwamo. Somo lisilo na mtihani katika nchi yetu mnajua linavyotendewa. Masufuria yalifungiwa stoo.

Mmoja wa walimu wa somo hilo alikuwa muumini wa kanisa letu. Ameniomba nisiandike jina lake, kwa hiyo nitamwita kama watoto walivyomwita, Mama Mwalimu. Leo yupo, ameketi safu ya pili upande wa wanawake, na akisoma haya atanikasirikia hata hivyo. Mama Mwalimu alikwenda kwa kasisi wetu wa wakati ule akamwambia maneno machache: ana ujuzi usiotumika, kanisa lina jiko linalofunguliwa siku ya harusi tu, na chini ya mwarobaini kuna watoto. Akaomba Jumamosi alasiri.

Jumamosi alasiri ndiyo saa ya mazoezi ya kwaya, na hapo ndipo mimi nilipoingia na upinzani wangu. Nilisema watatupigia kelele. Nilisema moshi utaharibu koo za sauti ya kwanza. Nilisema, Mungu anisamehe, kwamba kanisa si hoteli. Kasisi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wanakwaya huwa wanakula nini kati ya saa 8 na saa 12 jioni. Jibu ni kwamba hatukula kitu. Wengine walitoka kazini moja kwa moja, wengine walitoka Mtwapa kwa nauli ya mkopo, na ilipofika saa 11 sauti zilikuwa zimelegea. Akasema basi, watoto watajifunza kupika, na kwaya italishwa na watoto.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na mimi naamini kila kilichofuata kilitokana na uamuzi huo mmoja. Mama Mwalimu angeweza kuwafundisha keki ya kuonja na kuondoka. Badala yake kila Jumamosi palikuwa na watu 30 wenye njaa upande wa pili wa ukuta, na chakula kilipaswa kuwa tayari saa 11 kamili. Mtoto aliyechelewa alijua amewachelewesha nani.

Mpango ulikuwa mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya tangawizi. Alichagua mbaazi kwa sababu ni rahisi kwa bei na hazina haraka. Ijumaa jioni watoto wawili walikuja kuzichambua na kuziloweka. Jumamosi wengine walikuna nazi, wakipokezana kukaa juu ya mbuzi kwa kuwa mmoja tu ndiye aliyekuwa mzima, yule mwingine mguu ulikuwa umelegea. Walijifunza kukamua tui la kwanza na kuliweka kando, kisha la pili na la tatu, na kwa nini tui zito huingia mwisho na mbaazi hazichemshwi tena kwa nguvu likishaingia. Walijifunza kupima hamira kwa kijiko na iliki kwa pua. Kila darasa lilianza kwa habari moja ya Biblia yenye chakula ndani yake, na ajabu ni kwamba hawakuwahi kumaliza. Mana jangwani, mjane wa Sarepta na unga wake, mikate 5 ya shayiri na samaki 2 wa yule mvulana katika Yohana sura ya 6. Mama Mwalimu alikuwa akiwauliza mvulana yule alifungiwa chakula na nani, na kwa nini bado alikuwa nacho saa ile ilhali kila mtu alikwishamaliza chake. Watoto walibishana mpaka chai ikafurika.

Sasa, wapishi mnajua kwamba unga wa mahamri ukishakandwa hufunikwa na kuachwa uumuke. Saa nzima, na siku ya baridi zaidi. Watoto 12 wenye saa nzima ya kungojea ni hatari. Mama Mwalimu aliwaleta kwenye ukumbi wa mazoezi wakae sakafuni, ukutani, wanyamaze. Walinyamaza kwa majuma mawili. Juma la tatu nilisikia nyuma yangu sauti nyembamba ikiimba sauti ya pili, yaani sauti yangu, kwa usahihi kuliko mimi. Nikageuka. Alikuwa binti wa miaka 10, unga umejaa kwenye nywele. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amesikia tukirudia mstari ule mara 20 kwa sababu yangu.

Mwalimu wa kwaya hakusema kitu siku ile. Mwezi uliofuata wenzetu watatu wa sauti ya kwanza walipokosa kufika kwa sababu ya mafuriko, aliwaashiria watoto wasimame. Hivyo kanuni ya kidato cha kwanza ikafa bila kikao chochote. Nimetafuta katika kumbukumbu za mikutano siku ilipoondolewa rasmi, haipo. Kwa hiyo kwa sheria zetu wenyewe nusu ya kwaya hii iliingia kinyume cha utaratibu, na katibu ajaye alishughulikie hilo akipata nafasi.

Mambo hayakuwa asali tupu. Baba wawili walikuja kwenye baraza la kanisa wakilalamika kwamba watoto wao wa kiume wanafundishwa kazi ya kike. Mjadala ulikuwa mrefu na baadhi ya maneno sitayaandika katika kijitabu cha jubilii. Mzee mmoja, fundi wa majahazi, aliuliza polepole ni nani aliyepika pilau kwenye harusi ya binti wa mmoja wa walalamikaji. Jibu kila mtu alilijua. Hapa kwetu mpishi wa sufuria kubwa ya harusi ni mwanamume, analipwa, na anasubiriwa kama bwana harusi. Wavuvi nao hupikiana baharini. Kasisi akafungua Yohana sura ya 21 akawasomea jinsi wanafunzi walivyofika ufukweni alfajiri wakamkuta Bwana ameshawasha makaa na samaki wako juu yake. Baraza likafungwa kwa sala. Mmoja wa baba wale hakumrudisha mwanawe, nasi tulimpoteza mtoto yule. Yule mwingine alimrudisha, na ndiye anayewasha jiko letu mpaka leo kila tunapokuwa na mfungo wa kufungua pamoja.

Lakini kosa kubwa halikuwa la baba wale. Lilikuwa letu. Kadiri miaka ilivyokwenda kwaya ilizoea. Tulianza kula na kuacha vikombe pale tulipoketi. Tulianza kuwatuma: kijana, niongezee chai, wewe binti, hii haina sukari. Watu wa vyama vingine nao waligundua kuna watoto wanaojua kupika, wakaanza kuwaomba kwa mikutano yao, na baada ya mikutano kuwaachia masufuria. Habari ya Biblia iliruka Jumamosi moja, kisha nyingine. Katika muda wa muhula mmoja wa shule wasichana 5 waliacha kuja. Tuliwaulizia, wakasema wana masomo ya ziada. Mmoja tu ndiye aliyeniambia ukweli, kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu: "Shangazi, pale tumekuwa mayaya."

Neno hilo lilinikata. Nililipeleka kwa Mama Mwalimu nikitegemea atalia. Hakulia. Jumamosi iliyofuata alifunga jiko na kuweka ufunguo mfukoni, akaketi nasi mazoezini kama mgeni. Saa 11 ilifika, hakuna chai. Saa 11 na nusu mwalimu wa kwaya akauliza kwa upole kama kuna shida. Mama Mwalimu akasema hakuna shida, wapishi wamepumzika. Alifanya hivyo Jumamosi tatu mfululizo. Kwa njaa ile tulifikia makubaliano ambayo bado yamebandikwa nyuma ya mlango wa jiko. Mtu mzima ataosha alicholia. Watoto watakula meza moja na kwaya, wala si baadaye jikoni. Hakuna chama kitakachoomba wapishi bila kupitia kwa mwalimu wao. Na kila mtu atawaita watoto kwa majina yao. Hili la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, maana ilibidi kwanza tuyajue. Wasichana watatu kati ya wale 5 walirudi.

Corona ilipokuja, makanisa yalifungwa Machi 2020. Mwezi wa Julai yalipofunguliwa masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na asiingie mwenye umri chini ya miaka 13 wala aliyezidi miaka 58. Fikirini maana yake kwetu. Watoto wote wa jiko walifungiwa nje, na pamoja nao wazee wetu wa sauti ya nne. Ibada ya kwanza tuliyorudi tuliimba kama meza yenye miguu miwili. Sikumbuki nani alitoa wazo, nadhani lilitoka kwa mtoto mwenyewe, kwamba waliofungiwa nje wasaidiane. Kila mtoto alipewa mzee mmoja. Jumamosi alipika nyumbani kwao, akiongozwa kwa simu na Mama Mwalimu, akapeleka chakula kwenye kibaraza cha mzee, akagonga mlango na kurudi nyuma hatua kadhaa. Mzee alikula, mtoto akasimama mbali, wakaimba. Jirani zangu Waislamu walikuwa wakitoka nje kusikiliza mzee wa miaka 74 na mtoto wa miaka 11 wakiimba besi na sauti ya kwanza peke yao, bila ya kati, kuvuka ua. Wazee wawili tuliowazika mwaka uliofuata, wapishi wao ndio waliobeba mashada.

Siku hizi mambo yamerahisika kidogo. Sayansi Kimu ilirudi madarasani kupitia CBC, Gredi ya 4 ilipoanza mwaka wa 2020, na wazazi sasa ndio wanaotufuata wakiomba nafasi. Tuna mbuzi tatu za nazi, zote nzima. Tuna jiko la gesi, ingawa Mama Mwalimu halipendi na anasema wali wa nazi usiopaliwa makaa ni wali wa wagonjwa.

Kamati ya jubilii ilipoanza vikao vyake, pendekezo la kwanza lilikuwa kuajiri kampuni ya upishi kwa ajili ya leo. Wageni ni wengi, askofu anakuja, hatuwezi kujiaibisha. Hoja ilikuwa nzito na bei haikuwa mbaya. Niliwaomba wanipe nafasi ya kusoma majina niliyotia alama kwenye daftari. Niliyasoma, nikaketi. Mjadala haukuendelea muda mrefu baada ya hapo, ingawa tumeweka mpishi mmoja wa harusi kando ya sufuria ya pilau, kwa kuwa imani ni imani lakini wageni 400 ni wageni 400.

Nimalize kwa jambo la chumvi, kwa sababu wageni watashangaa. Mwaka ule wa kwanza mbaazi ziliwahi kutiwa chumvi mara mbili. Mtoto mmoja aliitia, akatoka kuchota maji. Mwingine akaja, akaonja mapema, akaitia tena. Kwaya ilikula bila kusema neno, tukanywa chai nyingi sana. Mvulana aliyeitia mara ya pili alikimbilia nyumbani, akakaa majuma mawili hakuonekana. Aliyemfuata alikuwa babu mmoja wa sauti ya nne, sasa marehemu. Alikwenda mpaka kwao na bakuli tupu akamwambia zile mbaazi zimemsaidia koo, anaomba nyingine. Mvulana alirudi naye siku ile ile. Ndiye mwalimu wa kwaya mtakayemwona leo mbele yenu. Tangu hapo Mama Mwalimu aliweka amri kwamba anayetia chumvi atangaze kwa sauti ili jiko zima lisikie.

Basi katikati ya wimbo wa mwisho mkisikia mtoto anapaza sauti kutoka nyuma ya ukumbi, "Chumvi imeingia!", msigeuke. Kwaya haitasimama.